Picha za Mahali

Nilimpoteza Nabwile kwa sababu ya picha nne, na zote nilizipiga mwenyewe. Watu wakiniuliza huwa nasema tuliachana kwa ajili ya safari zangu za kazi. Wanatikisa kichwa, wananionea huruma, halafu wanaulizia bei ya mahindi. Leo nitasema ilivyokuwa. Atakayetaka kucheka acheke, maana pa kucheka papo. Mimi mwenyewe nimewahi kucheka mara moja, nikiwa bafuni, na sikuipenda sauti niliyoisikia.

Ninafanya kazi ya kupima mbegu katika kampuni moja hapa Kitale. Tunamwaga mbegu mezani, tunazitenga kwa kibano chini ya taa: nzima huku, zilizovunjika huku, uchafu kule. Nimeifanya kazi hiyo miaka tisa, na imeniharibu. Siwezi kula githeri bila kuyatoa maharagwe yaliyopasuka, na siwezi kumsikiliza mtu bila kuyatenga maneno yake. Hasa watu wa Bungoma. Majirani zetu hawa wanaweza kubadilisha l na r mara tatu katika sentensi moja, na mimi, Kiplimo, mtoto wa Kikalenjin niliyechapwa shule ya msingi mpaka nikaacha kuita gari "kari", nilijiona nimepewa kibali cha kurekebisha dunia nzima.

Nabwile alikuwa afisa wa kilimo huko Bungoma. Alikuja maabara kwetu na mfuko wa mbegu zilizokuwa zimekataa kuota kwenye mashamba ya Sirisia.

"Nimeretewa hizi na wakulima," alisema.

"Umeletewa," nikasema.

Aliuweka mfuko mezani, akaniangalia kutoka viatuni mpaka kichwani. "Kwani wewe ni mtu wa mbegu ama ni mwalimu wa Kiswahili?"

Mbegu zile zilikuwa bandia, mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Nilimwandikia ripoti siku hiyo hiyo, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu, na jioni tukanywa chai mjini. Miaka miwili baadaye sikuwa na uwezo wa kupanga wiki yangu bila kujua yeye atakuwa wapi. Nilimpenda. Nasema wazi hivi kwa sababu wakati ule sikusema vya kutosha, nilikuwa natania tu. Akitamka neno sawasawa nampigia makofi, akikosea namrekebisha. Mwanzoni alicheka. Baadaye aliacha, nami sikugundua kwa kuwa nilikuwa bado nacheka peke yangu.

Desemba tulipeleka posa kwao, Sirisia. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la sita, kwa hiyo aliyenisimamia ni Mjomba Nehemiah, ndugu yake mama. Baba yake Nabwile ni Mzee Jairus, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu mrefu anayezungumza taratibu. Tulikaribishwa vizuri, tukakubaliwa. Kuhusu mahari, wazee walipatana kwamba Mjomba angerudi Januari wakae chini wazungumze. Tukala. Nikamrekebisha Nabwile pale mezani, mbele ya baba yake, sikumbuki hata ni neno gani, na watu wakacheka kidogo kwa adabu.

Baada ya chakula Mzee Jairus alinivuta kando. Alikuwa amesikia kwamba kampuni inanituma nchi za nje, akataka kuona. Nikamfungulia picha za Kigali na Pretoria kwenye simu. Alizitazama moja moja, akiisogeza simu karibu na macho, akasimama kwenye picha ya jengo moja refu.

"Hawa watu wanaanika nguo wapi?" aliniuliza.

Tangu baba yangu afe hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali la namna ile, swali la mtu ambaye haoni haya kutojua. Nilimpenda mzee yule papo hapo. Niliporudi Kitale nilijisemea kwamba safari ijayo nitampigia picha zake maalumu.

Januari ikaisha. Mjomba Nehemiah hakwenda Sirisia. Mara mguu unamuuma, mara anauza mahindi, kisha akabadilisha laini ya simu na hakumwambia mtu. Nilimkumbusha mara mbili nikaona nimemaliza kazi yangu. Kwetu, mambo ya mahari ni ya wazee, uso kwa uso, na kijana anayejiingiza anaonekana hana adabu. Hicho ndicho kisingizio changu, na nimekitumia sana.

Jumapili moja ya Februari, saa nane mchana, Mzee Jairus alinipigia simu mwenyewe.

"Haro. Ni Kiprimo?"

"Ndiyo, baba. Habari ya huko?"

"Habali ni nzuri. Huko Kitare mvua iko?"

"Bado, baba."

"Hata hapa imelingia, haitaki kunyesha." Nikasikia anavuta pumzi. "Sasa, Kiprimo, nimepiga mimi mwenyewe. Anko wako simu yake haiingii."

"Pole, baba. Alibadilisha laini."

"Haidhulu. Sisi ni watu tunaongea. Nirikuwa nataka kukuuliza kitu moja tu. Hii mahari. Tunataka kuiona."

Nililisikia neno hilo sawasawa. Mahari. Lilitoka kinywani mwake likiwa safi, na kwa sababu lilikuwa limetanguliwa na habali na Kitare na haidhulu, kichwa changu kilifanya kazi yake ya miaka tisa. Kikalichukua kwa kibano kikalirekebisha. Anasema mahali, nikajiambia. Anataka kuona mahali ninakokwenda, kama tulivyoongea Desemba. Moyo wangu ukafurahi kweli kweli.

"Hakuna shida, baba! Hata nilikuwa nimepanga kukutumia picha."

"Picha?"

"Ndiyo, kwa simu ya shemeji Hesbon. Kila moja nitaipiga picha niitume, uone pamoja na ndugu zako."

Mzee alifikiri. "Siku hizi ni hivyo?"

"Siku hizi ni picha tu, baba. Hakuna haja watu wasumbuke na safari."

"Hata ni kweri. Na ni ngapi?"

"Kufikia Agosti, nne. Zingine mwaka ujao, kazi ikienda vizuri."

"Nne kufikia Agosti," alisema polepole, kama mtu anayeandika. "Si mbaya. Sisi hatusumbui mtu. Hata kidogo kidogo ni sawa, bora tuone."

"Na zote ni nzuri, baba. Hakuna mbaya hata moja."

Alicheka. Ana kicheko kizuri mzee yule. "Haya. Ya kwanza ni rini?"

"Machi."

"Machi. Mungu akubaliki, kijana yangu."

Alikata simu, nami nikabaki nimesimama uani kwa mama nikitabasamu. Mtu aliyepeleka posa anapigiwa simu na mkwe wake, neno mahari linatajwa, naye anasikia mahali. Ukinisimulia habari hiyo ya mtu mwingine nitakwambia mtu huyo ni mjinga wa kuzaliwa. Mimi nina diploma.

Mtu anayesafiri kwa kazi haoni mji. Anaona uwanja wa ndege, hoteli, ukumbi wenye baridi ya mashine, na chupa ndogo za maji. Lakini asubuhi, kabla ya mkutano, huwa kuna saa moja isiyo ya mtu, na hiyo saa nikaitoa kwa Mzee Jairus. Lusaka, mwezi wa Machi, nilitoka nje jua likichomoza nikampata fundi wa viatu akipanga brashi zake chini ya tangazo kubwa kuliko nyumba. Nilichuchumaa nikipiga mpaka yule fundi akaniuliza kama kuna tatizo. Nilichagua moja iliyo bora, nikaandika chini yake: "Baba, ya kwanza hii hapa. Lusaka." Nikatuma kwa Hesbon, kakake Nabwile.

Jibu lilikuja mchana: "Mzee anasema asante. Tunangoja."

Nikaona ana hamu ya zingine.

Aprili nilikuwa Addis Ababa. Kule kuna treni inayopita juu ya barabara, na asubuhi ile chini yake walikuwa wakipita akina mama wenye shuka nyeupe wakitoka kanisani. Nilijua mzee wa kanisa atapenda. Hesbon akajibu: "Tumeona. Sasa hii ni nini?" Nami nikamwandikia maelezo marefu sana juu ya treni za umeme.

Nilipoonana na Nabwile Bungoma baada ya safari hiyo, nilimuuliza kama baba amefurahi.

"Ameziangalia," alisema.

"Akasema nini?"

"Amesema ni nyumba za watu."

Nikacheka mpaka watu wa hoteli wakageuka. Nikaona mzee ana ucheshi wake. Nabwile alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari, akaikoroga muda mrefu.

"Kiplimo, huna kitu kingine cha kumtumia baba?"

"Juni niko Ankara. Mwambie avumilie."

Aliniangalia tu, na mimi nikamwambia ameanza kuwa mnyamavu kama ofisi ya serikali siku ya Ijumaa.

Ankara nilipanda kilima kizima kabla ya chai, hadi kwenye ngome yao ya zamani, ambako nyumba zimepandana kuelekea juu na mzee mmoja anauza mikate ya duara yenye ufuta akiwa ameibeba kichwani kwenye sinia. Alifanana na Mzee Jairus kwa mwendo. Nilimfuata kwa nyuma kama mwizi mpaka akasimama kupumzika, nikampiga. Ile picha bado naiona ndiyo bora niliyowahi kupiga maishani. Hesbon aliifungua, alama mbili zikawa za buluu, na hakuna aliyejibu. Nabwile aliniuliza tena kwenye simu, kwa sauti ya chini, kama kweli hicho ndicho nilichonacho cha kumtumia baba yake. Nikamwambia asiwe na haraka, Agosti inakuja na India iko njiani.

Agosti nilikuwa Hyderabad. Mkutano ulianza alfajiri na saa yangu ya asubuhi ikapotea, kwa hiyo nilitoka mchana kwa dakika chache tu, jua kali, barabara imejaa bajaji zikipiga honi. Katikati ya barabara hiyo walikuwa wamelala ng'ombe. Wanne. Wamelala tu wakicheua, magari yanawazunguka, hakuna hata mtu anayewafukuza. Nilicheka peke yangu, nikawaza jinsi mzee atakavyocheka, mkulima kama yeye. Nikawapiga picha. Nikaandika: "Baba, ona hawa! Wamelala barabarani kabisa, hawana mwenyewe. Leo ni hawa tu nimepata." Nikaweka na vile vichwa vitatu vya kucheka hadi machozi.

Baada ya hapo Nabwile aliacha kupokea simu zangu. Siku ya kwanza nikasema ni mtandao. Wiki ya kwanza nikasema amekasirika kwa sababu nasafiri sana, na nikaona ana haki, na nikapanga namna ya kuwatuliza wote kwa mpigo. Nilipofika Kitale nikaenda kwa mtu wa studio karibu na stendi, akanisafishia picha kumi na tano kubwa, zile nne na nyingine nilizokuwa nimezihifadhi. Nikazipanga kwenye albamu yenye jalada jekundu. Jumamosi nikawasha gari langu dogo, nikapita Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele, nikafika Sirisia kabla ya saa sita.

Hesbon alikuwa langoni akikata nyasi. Hakunipa mkono.

"Niaje, shemeji," nikamwambia.

"Usiniite shemeji, bana," alisema. "Umekuja kutafuta nini?"

Nyuma yake, chini ya miti ya kahawa iliyozeeka, nikaona ng'ombe sita niliokuwa sijawahi kuwaona pale. Walikuwa na kamba mpya shingoni. Sikuhitaji kuambiwa, lakini Hesbon aliniambia hata hivyo. Ni ng'ombe wa Mukhisa, mwalimu wa huko Lwakhakha. Wameletwa wiki mbili zilizopita. Nabwile ni mchumba wa mtu.

Nilipita nikaingia ndani bila kualikwa. Mzee Jairus alikuwa ameketi sebuleni na redio. Aliizima. Alinionyesha kiti, akamwita mkewe alete chai, na mkewe akaileta na kuiweka mbele yangu bila kuniangalia usoni. Kama wangenifukuza ningejua la kufanya. Ile chai ilinishinda hata kuigusa.

"Baba," nikasema, "nimekosa nini?"

Akaongea kwa upole ambao bado unanichoma.

"Kiprimo, mimi nirikupigia simu. Mzee mzima kupigia kijana simu kwa sababu ya hiyo mambo, hiyo ni aibu. Ndugu zangu waliniambia nisipige. Nikasema hapana, huyu hana baba, wacha nijishushe. Kwetu, vijana wa nyumba huenda kuona ng'ombe kwanza kabra hawajaretwa. Wewe ukasema wasisumbuke, utatuma picha. Nikasema sawa, ni dunia ya sasa. Ukasema nne kufikia Agosti. Si ulisema?"

"Nilisema, baba."

"Ukatuma fundi ya viatu."

Nilikuwa nimeanza kuona, na bado nilikuwa nakataa kuona.

"Mwezi wa saba watu wa Mukhisa walikuja. Nikawaambia kuna kijana wa Kitare ameniahidi mpaka Agosti, wangoje Agosti iishe. Wakangoja. Agosti picha ikaingia. Hesbon akatoka nje anakimbia, ati baba, ng'ombe! Ng'ombe wamekuja, na ni wanne! Nikaita ndugu zangu wote. Mama yao akapiga vigeregere hapa, kwa huu mlango. Harafu Hesbon akasoma ile umeandika chini."

Jikoni hakuna aliyegonga hata sufuria.

"Baba, wewe ulisema mahali," nikasema. "Kwenye simu. Ulisema mnataka kuona mahali. Mahali ninakoenda."

"Nilisema mahari."

Alilitamka polepole, kila herufi mahali pake, na ile r yake ilikuwa bora kuliko yangu.

"Nilisikia hivyo, baba. Lakini nikadhani..."

"Ulidhani siwezi kusema."

Nikainamisha kichwa. Aliuona ukweli kwa haraka kuliko mimi, na nilipothubutu kumtazama tena, hasira ilikuwa imemtoka usoni. Kilichobaki kilikuwa uchovu. Aliona kwamba sikuwa nimemdhihaki. Aliona pia kwamba kilichotokea hakina tofauti kubwa na dhihaka. Nikamwekea albamu mezani, sijui kwa nini, mikono ilikuwa inatafuta kazi. Aliifungua kurasa tatu nne, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ni nzuri," alisema. "Perekea mama yako aone. Hapa ng'ombe za watu zimeingia, na nimepokea mbere ya kanisa. Siwezi kurudisha."

Nabwile ndiye aliyenisindikiza hadi kwenye gari. Alikuwa na leso kichwani na mikono yenye unga, na nilitaka kuishika ile mikono kuliko nilivyowahi kutaka chochote.

"Ulijua alikuwa ananiomba mahari?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ati lete ng'ombe unioe? Ni msichana gani anajiombea mahari yake? Nilikuuliza kama huna kitu kingine cha kumtumia baba. Nilikuuliza mara mbili, Kiplimo."

"Ni neno moja tu, Nabwile. Herufi moja! Turudi ndani, tuwaeleze wote. Nitaleta ng'ombe wiki ijayo, nitaleta wanane, nitakopa, nitauza hili gari."

Alitikisa kichwa. Hakuwa analia, mimi ndiye niliyekuwa nalia, nikijifuta kwa mkono wa shati kama mtoto.

"Mukhisa nimemkubali mwenyewe," alisema. "Usifikirie nimeuzwa. Nikiongea na yeye ananiacha nimalize. Hata baba anamwacha amalize. Wewe nimeongea na wewe miaka miwili na sijui kama kuna siku ulisikia kitu nirisema, ama ulikuwa unasikia tu venye nasema."

Nilisikia ile r. Niliisikia, Mungu anisamehe, hata wakati ule, na nadhani aliona usoni mwangu kwamba nimeisikia. Akaangalia pembeni, kwenye kahawa.

"Wacha nikwambie kitu, halafu uende," alisema. "Ile Jumapili alikupigia, tulikuwa tumetoka kanisani. Akaja akaketi na mimi jikoni, kitu hafanyagi. Akaniambia, huyu kijana anacheka watu wakikosea, nifundishe hilo neno vizuri, nisikuaibishe. Anasema mahali, namwambia hapana, baba, ni ri. Mahari. Anasema tena mahali. Mama anatucheka, mpaka yeye mwenyewe anacheka. Tulikaa saa nzima. Ilipotoka vizuri mara tatu, akachukua simu akakimbia nje kabla haijampotea."

Nilishika mlango wa gari.

"Tulikuwa tunachungulia dirishani. Tukaona anacheka na simu. Akarudi ndani amefurahi, sijawahi kuona baba amefurahi hivyo, akamwambia mama, 'Kijana amenielewa mara moja.'"

Akaniambia niendeshe polepole, Chwele kulikuwa na mvua, kisha akarudi jikoni kumaliza kusonga ugali.